Ukili wa jioni nyumbani kwetu

Mafuriko ya Rufiji ya Aprili 2024 ndiyo yaliyomleta mama mkwe wangu Mbagala. Shamba lake la mpunga lilikuwa limefunikwa na maji, nyumba imeanza kulegea ukuta, na mume wangu akasema mama habaki bondeni. Akashuka Rangi Tatu na begi moja, kuku wawili na mzigo wa ukindu, majani ya kusukia mikeka, alioufunga kwenye kanga kuukuu. Wenzake walihangaika kuokoa magodoro, yeye aliokoa ukindu.

Kwetu wakati huo ugomvi haukuwepo, ila manung'uniko ndiyo yalikuwa kitoweo. Mimi naamka saa kumi alfajiri kuchoma vitumbua, mume wangu anarudi usiku na bodaboda yake, watoto wawili wapo na runinga. Tukikutana jioni habari ni zilezile: mchele umepanda, umeme umebaki yuniti mbili, fulani kanipita barabarani hata salamu hana. Kwenye kikoba chetu dada mmoja alishatushauri tuwe tunaandika kwenye daftari kila usiku mambo matatu ya kumshukuru Mungu. Nikaandika afya, watoto, riziki. Kesho yake nikaandika riziki, watoto, afya. Baada ya muda lile daftari likawa la kuandikia wanaonidai na ninaowadai vitumbua, na kazi hiyo limeifanya vizuri sana.

Mama hakuwa na shughuli mjini. Kufagia nafagia mwenyewe, na kukaa bure hajazoea. Siku chache tu akaomba sufuria nisiyoitumia, akanunua rangi za unga sokoni, akachemsha maji kwenye jiko la mkaa na kuuzamisha ukindu mafungu mafungu: zambarau, kijani, nyekundu. Fungu moja akaliacha jeupe. Akauanika uchochoroni kwenye kivuli, kwa sababu ukiuacha jua kali unakuwa mkavu mno, halafu unakatika ukisuka.

Jioni alikaa chini, miguu kainyoosha, akauchana ule ukindu kwa ukucha wa kidole gumba. Anautoboa jani karibu na shina, anavuta, chane inatoka nyembamba na sawasawa tangu mwanzo hadi ncha. Kisha anazilowesha chane kidogo kwa maji ya kwenye kikombe na kuanza kusuka ukili, ule utepe mrefu unaoshonwa kuwa mkeka au kikapu. Mwanangu wa mwisho aliacha katuni akaja kuchuchumaa mbele yake.

"Bibi, na mimi nifundishe."

"Mume wangu, vidole hivyo vya kubonyeza simu vitaweza?"

Vikaweza, kwa shida. Dada yake naye akaja, wivu tu. Mimi nikajiunga kwa sababu kukaa pembeni huku wengine wanacheka kunachosha. Mume wangu alikataa, akasema mikeka ni kazi ya wanawake. Mama yake hata kichwa hakuinua: "Migono ya samaki ulikuwa unasuka wewe. Leo vidole vimeota nini?" Akakaa.

Hili la rangi lilianza kwa bahati. Binti yangu alitusimulia kwamba alisahau nauli, na konda akamwambia panda tu mwanangu, utalipa siku nyingine. Mama akamchomolea chane za zambarau. "Basi tia hizi hapo, tumkumbuke huyo konda." Jioni iliyofuata mdogo wake akadai na yeye ana habari ya kutiwa rangi. Tangu hapo ikawa ndiyo kanuni: ukili wetu unasukwa mweupe, na anayetaka kuunga chane ya rangi ataje kitu cha siku hiyohiyo. Kitu chenyewe hasa, siyo maneno ya jumla.

Mimi nilipofika zamu yangu nikajibu kama nilivyokuwa naandika kwenye daftari: namshukuru Mungu kwa afya. Mama akanitazama.

"Hiyo ya kila siku, mwanangu, imo kwenye nyeupe. Leo kumetokea nini?"

Nikakaa kimya. Siku nzima niliiona imepita bila lolote, kisha nikakumbuka kwamba alfajiri gesi iliniishia, unga umeshaumuka, wateja wa kwanza wako njiani, na jirani akanipa mtungi wake akapikia kuni. Nilimwambia asante mbio mbio, na nilichobeba moyoni hadi jioni kilikuwa hasira ya gesi kuisha. Nikapewa chane ya kijani. Asubuhi nilipomrudishia mtungi nilimpelekea na vitumbua, na tukaongea vizuri kuliko tulivyowahi kuongea.

Kwa upande wangu hapo ndipo mambo yalipobadilika. Kazi hii ilinifanya mchana nianze kutafuta. Ninapogeuza vitumbua najiuliza leo nitasema nini, na ukishaanza kutafuta unaona: mtu kakusogezea ndoo foleni ya maji, mtoto kaosha vyombo bila kutumwa. Mume wangu ndiye aliyechelewa. Jioni nyingi alisuka nyeupe tu, kachoka, na hakuna aliyemlazimisha. Kisha usiku mmoja akasema abiria mmoja alimkuta kaloa mvua, akamnunulia chai na chapati. Akachukua nyekundu mwenyewe. Mimi sikuwahi kujua mume wangu anapitia nini mchana kutwa, maana swali langu lilikuwa moja: umeleta ngapi?

Nisiwadanganye kwamba kila kitu kilikuwa kitamu. Mama ni mkali wa kazi. Mtoto akisuka kombo, neno lake ni moja: "Fumua." Haijalishi chane hiyo ilikuwa ya kumshukuru nani. Kuna jioni tumefumua hadi mtoto akalia, na kuna jioni nimelala na nguo za jikoni bila kugusa ukindu. Siku zilizotupita hatukuzifidia. Runinga pia hatukuipiga marufuku, ila huwezi kusuka huku umekodolea katuni, ukili unakwenda upande.

Mtu wa mjini asiye na mama wa Rufiji anaweza kufanya hivi kwa kitu kingine. Mdogo wangu anaomba vipande vya vitenge kwa fundi cherehani, wanashona mto kidogo kidogo na wanawe. Ila ukindu una faida: ukili ukiwa mrefu huhitaji kuamua mapema utakuwa nini. Wa kwanza tuliugeuza kikapu, maana tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 naendaga sokoni na viroba vilivyochanika. Uliofuata ulipozidi pima kadhaa, Mama akasema huu ni wa mkeka. Akatufundisha kuulaza ubavu kwa ubavu na kushona, sindano ndefu, uzi wa ukindu huohuo. Mistari ya rangi haikulingana popote, hapa kijani mbili zimefuatana, pale nyeupe tupu ya wiki ile mwanangu alipougua. Mshonaji wa biashara asingekubali.

Lakini jirani, yuleyule wa mtungi, kauona umeanikwa na kaupenda. Anatoa elfu thelathini. Watoto hawataki kusikia, kila mmoja anaonyesha mahali pake na kusema pale pangu. Mume wangu yuko upande wao. Mama anatushangaa sote, anasema mkeka ni wa kukaliwa na watu, ukindu upo na mikono ipo, tutasuka mwingine. Ila kwa elfu thelathini hauzi. Anataka hamsini, na jirani amesema atarudi mwisho wa mwezi.