Yule wa tano

Bomba la uani kwangu linavuja, na kwa habari hii nimepata kisingizio kipya cha kutolitengeneza. Pale maji yanapotuama ndipo ndege waitwao mishigi hushukia asubuhi: madume mekundu, majike ya kahawia, wadogo kiasi cha kuenea wawili kwenye kiganja.

Siku hiyo walikuwa watano, na wa tano hakuwa mwenzao. Mgongo una michirizi kama wa shomoro, ila kichwani kapigwa mistari, miwili myeusi na katikati ya utosi mmoja wa rangi ya maziwa. Binti yangu akachungulia dirishani mara moja tu.

"Baba, si shomoro huyo?"

Shomoro gani ana miguu ya rangi ya chungwa? Tena namna yake ya kula! Anaruka mbele kidogo, kisha anajivuta nyuma ghafla kwa miguu yote miwili kwa pamoja, vumbi linatimka, halafu anainama kutazama alichofukua. Nilisimama pale mpaka chai ikapoa.

Kwa sababu ya ule mdomo mfupi mnene nikamdhania chiriku. Hapana, hakuwa na hata tone la njano. Nikaandika kwenye daftari "mgeni, kichwa cha mistari", nikaishia hapo.

Wiki kadhaa baadaye akarudi akiwa na mabaka meusi kifuani na shingoni, kama aliyerukiwa na wino. Baka likaongezeka, likaungana na jingine, hadi siku moja nikamwona kwenye ncha ya tawi kavu, mweusi tii, mng'ao wa buluu ukicheza mgongoni jua linapompiga. Nisingeamini kuwa ni yuleyule kama si ile miguu.

Kilichonimaliza ni sauti. Nilisikia mshigi akiimba, nikawa namtafuta chini bombani. Hayupo. Nikainua macho: anayeimba ni huyu mweusi juu ya tawi.

Basi ndiye fumbwe. Jike lake hajengi; hutaga katika kiota cha mshigi na kuondoka zake. Kinda hawasukumi wenye nyumba nje, hulelewa pamoja nao, na ndani ya mdomo wake ana madoa kama ya kinda wa mshigi, basi akipanua tu, analishwa. Dume akikua huimba wimbo wa baba aliyemlea, na jike aliyelelewa na mishigi humjua kwa wimbo huo. Mimi niliyekuwa nikishangaa mgeni kula na wenyeji! Kumbe alikuwa kwao.

Juzi dume la mshigi lilipita na unyoya mweupe wa kuku, mrefu kuliko lenyewe, likazama nao kwenye ua wa michongoma. Juu ya waya wa kuanikia nguo alikuwa ametulia ndege wa kahawia, kichwa cha mistari, shingo kaigeuzia palepale unyoya ulipoingia.