Jiwe la RF

Mlinzi wa geti aliniuliza mara mbili kama mimi ni Mfaransa. Mara zote mbili nilimwambia hapana, Mzanzibari, na mara zote mbili alinitazama kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.

"Sasa jiwe la Wafaransa unalitakia nini?"

Hapo alikuwa na haki. Ilikuwa mwanzoni mwa Novemba, mwaka wangu wa pili Seoul, nimesimama nje ya shule ya wasichana mtaa wa Jeongdong. Majani ya miti ya ginko yalikuwa yametanda njia nzima, ya manjano, mazuri kweli, lakini matunda yake yakikanyagwa yananuka kama choo cha stendi. Nilikuwa nimeyakanyaga.

Aliyenitia uchu ni mwalimu wangu wa Kikorea. Alituambia kuwa mtaa ule zamani ulikuwa wa mabalozi. Warusi walikaa kilimani, na ndiko Gojong, mfalme wa Korea, alikokimbilia mwaka 1896, akajificha kama mwaka mzima. Mnara wao mweupe bado umesimama. Ubalozi wa Wafaransa ulibomolewa enzi za Wajapani, likabaki jiwe la msingi, nalo limo ndani ya uwanja wa shule.

Mimi nimekulia Unguja, nyumba za mabalozi wa kale si kitu kigeni kwangu. Sayyid Said aliwekeana mkataba na Wamarekani mwaka 1833, Waingereza 1839, Wafaransa 1844. Korea ilikuja kutiliana saini na Wafaransa mwaka 1886, miaka 20 baada ya manowari zao kuvamia kisiwa cha Ganghwa na kuondoka na vitabu vya kifalme. Nilimmwagia yule mzee wa getini hayo yote kwa Kikorea cha kuungaunga, nikainama, maana kule kuinama ndiyo shikamoo. Kuna neno nililikosea vibaya, sijui hadi leo lipi, akacheka mpaka akashika nguzo. Kisha akatazama saa.

"Wanafunzi wameshatoka. Dakika tano tu."

Jiwe lilikuwa na baridi ya kuuma vidole. RF, yaani République Française, Jamhuri ya Ufaransa, na mwaka: 1896. Nikapitisha kidole ndani ya ile R. Mwaka huohuo Victor Collin de Plancy alirudi Seoul kwa mara ya pili. Ndiye aliyekuwa mwakilishi wa kwanza wa Ufaransa pale, tangu 1888, na alikuwa na ugonjwa wa kukusanya vitu, hasa vitabu. Alikaa hadi 1906, Japani ilipokwisha kuinyang'anya Korea mambo yake ya nje na mabalozi wakafunga virago.

Nilipolitaja jina lake, mzee alisema neno moja tu: "Jikji."

Hakuna Mkorea asiyekijua. Ni kitabu cha mafundisho ya Kibudha kilichopigwa chapa kwa herufi za metali mwaka 1377, miaka 78 kabla ya Biblia ya Gutenberg, kitabu kikubwa cha kwanza Ulaya kupigwa chapa namna hiyo. Collin de Plancy alikipata hukuhuku Korea, akaenda nacho kwao, na mwaka 1911 kikauzwa mnadani Paris kwa faranga 180. Sasa kimo katika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa. Wakorea hawajaacha kukidai, na Wafaransa hujibu kwamba kilinunuliwa, hakikuibwa. Mimi naona jibu hilo ni la mwenye duka.

"Basi sisi tumebaki na jiwe lao," mzee akasema, akaligusa kwa ncha ya kiatu, taratibu, kama mtu anayemwamsha mbwa. "Waje tubadilishane."

Nikamwomba nipige picha. Akakubali, mradi majengo ya shule yasionekane, akasimama kando ya jiwe kuhakikisha. Nikapiga haraka haraka, mikono ikitetemeka. Picha ninayo bado: R, F, 1896 isiyosomeka vizuri, na pembeni kiatu cheusi kilichong'arishwa sana, na jani moja la ginko limenata kwenye soli.