Nilivyopanga barua za babu zisizo na tarehe

Barua za babu, tulizozikuta kwenye nyumba ya ukoo Isevya, Tabora, zilikuwa zimefungwa kwenye nailoni, zimebanwa kwa pini zenye kutu, na nyingi hazina mwaka. Bila mwaka, huwezi kumjua mkubwa na mdogo kwenye ukoo.

Nilianza na bahasha. Stempu zilizoandikwa Kenya, Uganda, Tanganyika zina sura ya mtawala: George VI alishika ufalme Desemba 1936, Malkia Elizabeth II akamrithi 1952. Basi barua ya kumpongeza shangazi kwa kujifungua, yenye stempu ya malkia, haiwezi kuwa ya wakati wa Vita Kuu ya Pili kama tulivyoambiwa miaka yote.

Nyingine ni Kiswahili kitupu lakini kwa herufi za Kiarabu. Mwalimu mmoja wa madrasa alinisomea taratibu huku nikirekodi kwa simu. Kwenye moja, pembeni kabisa, wino umefifia hadi rangi ya chai, akaona 1365. Mwaka huo wa Hijria uliangukia karibu wote ndani ya 1946. Nilifurahi mno!

Pini nilizitoa, barua nikazipiga picha dirishani bila flashi, kila moja ikaingia kwenye bahasha ya karatasi. Nailoni hapana, inatunza unyevu. Juu ya bahasha nimeandika kwa penseli nani kamwandikia nani.

Sasa nawatafuta ndugu wa Ujiji, maana barua kadhaa zinamtaja shemeji aliyepanda treni kwenda huko.