Signal 9 pale Unga Limited

Jana usiku kijana mmoja kanitumia picha ya skrini, salamu hana: “Kaka, postgres inakufa yenyewe na umeme upo.” Postgres ni programu ya hifadhidata, na mstari wa chini umeandikwa signal 9. Nikalikumbuka lile ghala la vipuri Unga Limited, Arusha, enzi za Debian 9 (toleo la Linux) na PostgreSQL 9.6.

Pale kila mtu alikuwa na hukumu yake tayari. Mzee alisema umeme. Dada wa mahesabu alisema virusi. Aliyewauzia mashine alisema diski, na bei ya diski mpya alikuwa nayo mdomoni. La hakika lilikuwa moja: mwisho wa mwezi, mchana, kaunta zote zinagoma kwa pamoja dakika mbili tatu, kisha zinarudi kama vile hakuna kilichotokea.

Umeme niliuondoa kwa amri moja. uptime, muda ambao mashine imekaa bila kuzimika, ilionyesha siku 63, na mashine iliyozimika jana haiwezi kuwa na siku 63. Diski nayo, smartctl -a inayosoma afya yake ikaonyesha sehemu mbovu, Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector, zote sifuri. Virusi sikuvijadili.

Logi ya postgres ndiyo ilisema: was terminated by signal 9: Killed. Namba hiyo ni ya ishara iliyouua mchakato. Wengi huipita haraka, wakati kesi yenyewe iko hapo. Ingekuwa 11, ningeshuku RAM mbovu au hitilafu ndani ya programu, na usiku ule ule ningewasha memtest86+, kipimo cha RAM. Ingekuwa 6, maana yake postgres imejisimamisha yenyewe baada ya kukuta jambo lisilowezekana. Lakini 9 inatoka nje. Mchakato haupewi hata nafasi ya kujitetea. Kuna mtu kaupiga, au kerneli, kiini cha Linux. Na pale ghalani hakuna aliyeijua amri ya kill.

dmesg -T, logi ya kerneli, ikamtaja muuaji: OOM killer, sehemu ya kerneli inayoua mchakato RAM ikiisha, dakika ile ile. RAM iliisha, kerneli ikatafuta mlaji mkubwa, ikamkuta postgres. Sasa mbona uliuawa mchakato mmoja zikaanguka kaunta zote? Michakato ya postgres inachangia eneo moja la RAM. Mmoja ukifa ghafla, mchakato mzazi hauwezi kujua kama eneo lile limeachwa nusunusu, kwa hiyo unaifukuza yote, unarudia WAL (daftari la mabadiliko) kuanzia checkpoint, yaani alama ya mwisho ya data iliyokwisha kuhifadhiwa diskini, ndipo unafungua mlango. Zile dakika mbili tatu ndizo hizo.

Hesabu niliifanya nyuma ya risiti, mzee kasimama begani. RAM 8 GB. shared_buffers, lile eneo la pamoja, 2 GB. work_mem, kikomo cha RAM ya kufanyia kazi, kuna mtu aliiweka 128 MB, nadhani aliamini ni ya seva nzima. Si ya seva, wala si ya mtu mmoja: ni ya kila hatua ya kupanga data kwa mfuatano (sort) au ya hash (jedwali la utafutaji wa haraka) ndani ya swali. Ripoti ya mwisho wa mwezi ilikuwa na hatua 4 za namna hiyo, na watu 15 huifungua kwa pamoja. 128 × 4 × 15 ni MB 7,680, bado hujaongeza zile 2 GB. Mzee akaitazama karatasi kwa muda, akauliza, “Kwa hiyo si umeme?” Wiki iliyofuata alinunua jenereta.

Dawa ilikuwa fupi. work_mem ikashuka hadi 8 MB, ripoti ile peke yake ikapewa 64 kwa SET LOCAL, amri inayogusa muamala mmoja tu. max_connections, idadi ya juu ya miunganisho, kutoka 300 hadi 60. Hiyo inataka kuwasha upya, work_mem inatosha reload, yaani kusoma mipangilio upya bila kuzima. Kisha vm.overcommit_memory=2 na overcommit_ratio 80, mipangilio ya kerneli ya kutoahidi RAM kupita kiasi, ili ikatae mapema: swali moja linarudi na kosa la out of memory, wengine wanaendelea kuuza.

Lisilonitulia ni kwamba ile 128 ilikuwepo muda mrefu kabla ya vurugu kuanza. Nashuku HashAggregate, hatua ya swali inayojumlisha data kwa makundi kwa kutumia hash. Kabla ya toleo la 13 la PostgreSQL, la mwaka 2020, haikuweza kumwaga ziada kwenye diski, hivyo makundi yakikadiriwa kidogo kuliko yalivyo, inaivuka work_mem bila kuuliza mtu. Jedwali la mauzo lilikuwa limenenepa sana. Ila auto_explain, inayoandika mpango wa swali kwenye logi, haikuwa imewashwa, na mpango wa swali wa siku zile hauko popote.