Nginx na Postfix hazikuwaka baada ya seva kuriboti

Seva ya Linux, yenye Nginx (programu ya tovuti) na Postfix (programu ya barua pepe), iliwashwa upya baada ya kusasisha kerneli (kiini cha mfumo). Tovuti haifunguki, barua pepe haziingii. Ajabu, ukiandika `systemctl start nginx` kwa mkono, inawaka bila kinyongo.

Siri ilikuwa kwenye `journalctl -b -u nginx` (kumbukumbu za Nginx tangu seva iwake): kosa namba 99, "Cannot assign requested address". Zote mbili zilipangiwa IP moja maalumu, nazo ziliamka kabla kadi ya mtandao haijaipata. `network.target`, hatua ya mtandao ndani ya systemd (programu inayowasha huduma za seva), haisubiri IP ipatikane, jambo linalowasumbua wengi.

Ili Nginx isubiri mtandao uwe tayari, kwa `systemctl edit nginx` nikaongeza, chini ya `[Unit]`:

`Wants=network-online.target`
`After=network-online.target`

Postfix nikaiwekea `inet_interfaces = all` (isikilize anwani zote, si ile moja tu), kisha nikaizima na kuiwasha; `reload` haitoshi hapo. Nikariboti tena, zote zikawaka zenyewe.