"Mama, nanukia?"

Leo siku ya 19 tangu upasuaji wa kunitoa vinyama vilivyoota puani. Najua wengi mnasubiri habari za pua, na nitazisema, lakini kinachonikosesha usingizi ni maneno mawili ya kitindamimba wangu.

Jumatatu jioni alitoka kuoga, akaja chumbani amejifunga kanga yangu, akasimama karibu kabisa na mto.

"Mama, nanukia?"

"Unanukia mno, mwanangu. Umepaka yale mafuta ya bibi?"

Akaniangalia. "Sijapaka kitu."

Hakununa wala hakulia. Alivaa gauni akaenda kwa bibi yake kula.

Mnakumbuka kabla sijapanda basi la Dar nilimwahidi kwamba wakishanitoa vile vinyama nitaisikia tena harufu yake. Miaka mitatu sikuwa nasikia harufu ya chochote. Nilimsifia mama mkwe mchuzi wa samaki nisiyejua kama ni mbichi au amechacha, nikazoea kuitikia tu ili watu wasinihurumie. Kwa watu wazima ilipita. Huyu wa miaka saba alikuwa anahesabu siku, akaja kunipima, akanikuta mwongo.

Na daktari alishaniambia! Alisema ndani kutavimba, pua itaziba pengine kuliko mwanzo, na harufu inaweza kuchukua wiki kadhaa au hata miezi kurudi. Mimi niliyasikia hayo yote, nikarudi Mikindani nisimweleze mtoto. Kwa nini nisingesema tu, "Bado, mama, sisikii"? Nimelirudia hilo jibu usiku kucha, na kila nikilirudia naona lilikuwa jepesi.

Haya, pua. Siku tatu za kwanza ni kamasi zenye damu, kichwa kizito, na kulala kama umekaa, mito miwili au mitatu mgongoni. Wiki mbili hupengi kamasi hata iweje. Chafya ikija unafungua mdomo itokee huko. Usinyanyue ndoo, usiiname mpaka chini. Kwangu hiyo ina maana cherehani imefunikwa shuka na vitenge vya watu vimekaa. Aspirini na jamii yake nilikatazwa, maana huzidisha kutoka damu. Walichonisisitizia kuliko vyote ni kusafisha kwa maji ya chumvi: maji yachemshwe yapoe, si ya bombani moja kwa moja, unainama kidogo juu ya beseni, unahemea mdomoni, yanaingia tundu hili na kutoka lile. Siku ya nane, kabla sijasafiri kurudi, daktari alinitoa magamba yaliyoganda ndani. Inauma, siwafichi, ila nilipotoka pale hewa ilipita kama mlango umefunguliwa. Na walinionya: damu nyekundu isiyokata, homa na shingo kukakamaa, macho kuona ukungu, au maji maangavu kama ya kisima yakidondoka tundu moja, usingoje asubuhi.

Wifi kajifungua mapacha Jumatano, wote wazima, alhamdulillahi, na mkubwa wetu matokeo ya kidato cha sita yametoka vizuri.

Ijumaa nilikuwa nimemaliza kusafisha, nimekaa barazani, kusi linavuma. Mara nikashtuka. Ng'onda! Mama mkwe alikuwa anachemsha ng'onda, samaki wa kukaushwa, uani, na ile harufu kali iliyokuwa ikinikimbiza zamani ikaniingia mpaka kooni, nikatokwa na machozi. Ikakaa kama pumzi mbili, ikapotea. Nikamwita mtoto kwa nguvu.

"Nimesikia ng'onda wa bibi!"

Akasimama mlangoni. "Kweli, au kama juzi?"

Nikamwambia, juzi nilikudanganya. Nilitaka ufurahi, na nilikosea. Hakujibu. Aliingia jikoni akatoka na vikombe vitatu vimefunikwa visahani, akanifunga macho kwa mtandio. Cha kwanza, sisikii. Cha pili, sisikii. Cha tatu nilivuta taratibu, nikavuta tena, kwa mbali sana pakawa na kitu chachu.

"Limau?"

"Limau," akasema, akanifungua macho. Vile viwili vilikuwa karafuu na mafuta ya nazi. Sasa ananipima asubuhi na jioni, na nikisema sisikii anatikisa kichwa na kuweka alama ya mkaa ukutani. Shingoni kwake bado sijapata kitu. Anajua.

Baba yao yuko shambani Newala tangu wiki iliyopita. Mikorosho imeanza kutoa maua na mimi salfa, ile dawa ya kupulizia mikorosho, siruhusiwi hata kuikaribia. Jumatano alisema mota ya kupulizia inazimika kila baada ya miti miwili, fundi ametafutwa hajapatikana, na majani ya juu yameanza weupe wa ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu. Toka hapo simu yake haipatikani.