Berlin ilinikula paja

Miezi minne ya kujiandaa kwa marathon ya Berlin, kila Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi geti la msitu wa Karura hapa Nairobi likifunguliwa mimi niko hapo, viatu vyekundu kwa vumbi, na nyani wananiangalia tu kama mtu amepotea. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, so nikajiambia nikishuka Berlin kwenye tambarare nitapaa.

Na kweli nilipaa, kilomita 30 za kwanza nafuata ule mstari wa bluu wa kuonyesha njia barabarani nikijiona Kipchoge, bingwa wa marathon aliyekimbia huko kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 9 mwaka 2022, halafu kwa ya 33 paja la kushoto likakaza kama kamba ya kuanika nguo. Kosa langu, niliizoea sana njia laini ya msituni, lami sikuigusa (na usiniulize kuhusu kucha ya kidole gumba).

Nikapita lango la Brandenburg nikichechemea, mzee mmoja akaona KENYA kwa fulana yangu akapiga makofi, kisha akaangalia saa yake. Nilimaliza kwa muda wa saa nne na dakika hamsini na moja. Jioni mama akapiga simu, swali moja tu: umekuwa namba ngapi?